Samaki Tisa wa Min Akinyi

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha uvuvi cha Homa Bay, miaka ya tisini, nilikabidhiwa koti jeupe lililonizidi mikono na tangi tupu la kioo. Nilikuwa na digrii ya kemia. Samaki nilikuwa nikiwajua mezani tu.

Afisa mfawidhi alitaka tangi liwe na fulu, wale samaki wadogo ambao mbuta, yaani sangara, alikuwa karibu kuwamaliza ziwani. Tuliwapata tisa kwa Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, mjane wa karibu na Kosele, aliyewavua kwenye bwawa lililokuwa likikauka nyuma ya boma lake. Aliwaleta ndani ya sufuria. Hakutaka malipo. Alitaka wakizaa, watoto warudishwe bwawani mvua itakapolijaza, maana humo hakubaki mwingine.

Nilimweleza mkubwa wangu kwamba tangi jipya halitiwi samaki siku hiyo hiyo. Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana, huchukua wiki kadhaa kuota kwenye changarawe.

"Wiki ngapi?"

"Sita, mzee."

"Mkuu wa wilaya anakuja Ijumaa. Waambie hao bakteria."

Ufuo ulikuwa umezibwa na gugumaji, basi tukatumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa. Maji hayo hayana madini ya kuyatuliza, na baada ya siku chache pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka maji yanapozidi kuchacha, ilikuwa imeshuka hadi sita. Katika uchachu huo bakteria huzubaa, lakini amonia nayo hubaki katika hali isiyoumiza sana. Kipimo changu kilionyesha amonia nyingi mno, na samaki walikuwa wakila vizuri. Mimi, msomi, nikaamua dawa ya kupimia imeharibika.

Kilichonikera ni ile sita. Kitabu kilisema fulu anataka nane. Alhamisi asubuhi nikakoroga chokaa, nikamimina, pH ikapanda kama nilivyotaka. Amonia yote iliyokuwa imelala ikaamka nayo. Kufikia saa sita mchana walikuwa wakitweta juu ya maji. Saa nane nilikuwa nikiwatoa kwa upawa, mmoja mmoja, wote tisa.

Ijumaa mkuu wa wilaya alionyeshwa ngege wawili, samaki wa kawaida tu, katika maji mapya, akatusifu.

Min Akinyi sikumwambia. Mvua ya masika ilipojaza bwawa, aliniita. Alikuwa amelizungushia uzio wa miiba ili ng'ombe wasilichafue. Nikapima maji: pH nane, amonia hakuna. Sijawahi kuona maji mazuri kama yale.

Tangu siku ya sufuria alikuwa akiniita nyathina, mtoto wake.

"Nyathina, maji haya yako tayari?"

"Bado, mama," nikasema.

Nilihamishiwa Migori, kwenye mabwawa ya wafugaji wa samaki, nikahudumu chini ya wakubwa watatu, na kila mfugaji nilimwonya apime amonia kabla ya kugusa chokaa. Watu walisema mimi ni mwangalifu kupita kiasi. Nimestaafu mapema, mgongo ukiwa kisingizio.

Majuzi nilipita Kosele. Min Akinyi haoni vizuri siku hizi, nami sikubisha hodi. Nilifika bwawani tu. Uzio ulikuwa wa miiba mibichi, iliyokatwa upya.