Kimea cha Kisesa

Ulezi unaoota una harufu yake: ya majani mabichi, ya gunia lililonyeshewa, na chini yake utamu hafifu kama wa makapi ya muwa. Harufu hiyo ilikaa uani kwetu Mwanza msimu mzima wa mvua za vuli, mwaka wa uhuru, nikiwa na umri wa miaka kumi. Watu wa rika langu wakikutana husimulia bendera na ngoma, nani alicheza wapi, nani alipotea kwenye umati. Mimi husikiliza tu. Ninachokumbuka ni jiwe la kusagia, moshi wa kuni mbichi, na mabega yaliyouma hata nilipokuwa nimelala.

Mama alikuwa na jipu la titi. Lilipopasuliwa homa ilishuka, lakini maziwa hayakurudi, na mdogo wangu Hamisi alikuwa na miezi sita tu. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha. Tukampa uji. Mzito haukupita, aliuzungusha mdomoni, akausukuma nje kwa ulimi. Tukaupunguza kwa maji, akaunywa kwa pupa mpaka tumbo likakaza kama ngoma, na baada ya muda mfupi akalia tena kwa njaa. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja. Alikuwa amempima Hamisi kifua na mikono ili amshonee kanzu ndogo ya siku ya sherehe. Kitambaa kilipopatikana, wiki chache baadaye, akampima upya. Akautazama utepe, akaugeuza, akapima mara ya tatu. Kisha akautundika shingoni, na habari ya kanzu haikutajwa tena.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bibi mzaa mama alifika kutoka Kisesa na kapu la ulezi kichwani, akamshika Hamisi paja kwa vidole viwili, na kabla hata ya kunywa maji akauliza gunia liko wapi. Aliuloweka ulezi, akaufunga ndani ya gunia bichi, akaulaza kivulini. Siku ya tatu ulikuwa umetoa vijizizi vyeupe. Akauanika, nikausaga. Bibi akapika uji mzito hata mwiko ukasimama wenyewe, akauacha upoe kidogo, akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea na kukoroga. Nilikuwa nimechuchumaa karibu, nikaona kwa macho yangu mwiko ukiinama, uji ukilegea, mpaka ukamiminika kama maziwa. Maji hayakuongezwa hata tone. Hamisi alikunywa kikombe kizima, akalala.

Lakini kimea ndicho wapika pombe wanachotumia, na pua za jirani hazina mlango. Mama Shabani alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua wa mabua: "Kumbe kwa fundi siku hizi mnapika! Msitusahau, jamani, sisi tuna vibuyu vyetu!" Akacheka peke yake. Baba alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka msikitini kuswali alasiri. Yeye hakucheka.

Kwa Wasukuma, mama mkwe na mkwewe hawatazamani wala hawajibizani. Bibi alikaa nyuma ya ukuta wa jiko, baba akasimama mlangoni pa nyumba, nami nikawekwa katikati kupeleka maneno ambayo wote wawili walikuwa wameshayasikia.

"Zaituni, mwambie bibi yako nyumba hii haipikwi pombe."

"Mwambie baba yako pombe ni ya kulazwa na kuchachuka. Huu ni uji."

"Mwambie basi aweke kikombe kimoja mpaka kesho alasiri. Kikinuka pombe, kimea chake kirudi Kisesa."

Kwa joto lile kingechachuka, hilo hata mimi nililijua. Kisha sauti ya bibi ikatoka taratibu: "Mwambie baba yako mtoto hali uji wa kesho. Anakula wa leo. Na akiukosa wa leo, wa kesho tutampa nani?"

Hilo sikulipeleka. Halikuhitaji mjumbe. Baba alivua viatu, akaingia jikoni huku bibi akijifunika kanga usoni na kugeukia ukutani. Akachota uji kwa kijiko, akasema bismillahi, akaonja. Alikaa muda akiupima mdomoni. "Mpe," akaniambia. Akatoa sharti moja: usilale uji humu ndani, hata masalio. Kila mlo upikwe mpya.

Sharti lile lilikuwa la baba, kazi ikawa yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bibi macho yalikuwa yamechoka, mama hakuweza kuinua mkono, kwa hiyo moto ulikuwa wangu mara nne kwa siku: kusaga, kuchekecha, kupika, kulisha, kumwagia kuku kilichobaki, kuosha sufuria na kuanza tena. Niliacha shule kwa muda, walisema. Niliporudi nilikaa na watoto walionifika kwapani, na sikuvuka darasa la nne. Hakuna aliyenidhulumu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Siku hizi naishi Mkolani na mjukuu wangu. Yeye hununua unga wa lishe wa pakiti, anauchemsha dakika chache huku anaongea na simu, na mtoto wake ananenepa. Sina la kumlaumu. Ningekuwa na pakiti ile ningeitumia. Hamisi alisomea ualimu Butimba, akafundisha mpaka akastaafu, na ana kitambi. Hakumbuki kijiko hata kimoja, na mtoto hapaswi kukumbuka. Akija kunitembelea, ananiambia, "Dada, kula basi, chakula kinapoa." Namwambia natangulia kushiba kwa macho, naye anacheka. Ukweli ni kwamba mpaka leo siwezi kupeleka tonge langu mdomoni kabla sijaliona koo lake likipanda na kushuka.