Monita Mbili za Mama Robi

Fundi yeyote anajua kwamba monita za kompyuta za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, haziwekwi karibu na sumaku. Hata mimi najua.

Juzi Mama Robi, anayechapia watu barua hapa Kerende, aliniita nikitoka kusafisha dhahabu machimboni, kwa sababu monita yake ilikuwa inazimazima. Nikakaza waya, ikatulia. Nilipoinama kuikagua, doa la zambarau likatanda kwenye kioo.

"Kioo kimekufa, mama."

Akaleta nyingine ya akiba. Nikainama, doa lilelile.

"Hii nayo imekufa."

"Mbona zinakufa ukiinama wewe?"

Nikampuuza, nikachukua bisibisi niifungue. Ilipopita karibu na kifua changu ikaniponyoka, ikanasa kwenye mfuko wa shati. Wateja wote wakaitazama.

"Mura," akasema Mama Robi, "toa kwanza mfukoni hiyo sumaku yako ya kunasia chuma kwenye dhahabu, ndipo utangaze msiba."