Mkaanga Chipsi wa Kahama

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kambarage mjini Shinyanga, nilitia viazi kwenye karai la mafuta bila kuvisuuza. Vikagandana vyote! Bosi wangu, mama mmoja mkali mwenye banda, akanisogeza kando. "Kiazi kina wanga, wewe. Osha mpaka maji yatakate. Halafu kaanga mara mbili: ya kwanza kiive, ya pili kikauke." Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna majiko ya gesi, lakini wanga ni uleule. Namshukuru mama yule hadi kesho.

Niliwahi kumuuliza kama wakaanga chipsi wa Kahama ni wapinzani wetu. Akacheka. "Nani apande basi toka Kahama aje kula chipsi hapa? Mpinzani wako ni yule muuza mihogo ng'ambo ya barabara."

Nilipofungua banda langu Maganzo, kwa wachimbaji wa almasi, nikajifanya najua kuliko yeye. Viazi vyetu vilitoka Njombe kwa lori moja, nalo lilipitia kwanza Kahama kwa Mama Neema, mkaanga chipsi wa stendi. Yeye anachagua vikubwa, mimi naletewa mabaki. Roho ikaniuma. Nikampigia dereva simu: "Mama Neema kafunga banda, njoo kwangu moja kwa moja." Uongo mtupu! Wiki ile Mama Neema alikaa bila kiazi, nami nikakaanga kwa raha zangu.

Masika yaliyofuata lori likakwama njiani. Mwenye kiwanja akaniambia, "Usipokaanga kesho, nafasi hii nampa mama wa wali." Nilikuwa na watoto watatu na banda lile tu. Nikapanda basi hadi Kahama kuomba viazi. Mama Neema alikuwa na magunia matatu stoo. Akanipa mawili, wala hakuuliza mengi. Nikashindwa kumwambia lile la lori. Aibu, jamani!

Nilikaanga miaka mingi, nikasomesha watoto wote. Mwaka huu magoti yamegoma, nikastaafu. Safari yangu ya kwanza ilikuwa Kahama, kumwomba radhi.

Hakuniacha nimalize. "Dereva alinieleza wiki ileile."

"Ukanipa viazi ukijua?"

"Sasa ungefunga banda, watoto wako wangekula nini?"

Nililia, mtu mzima mimi, mbele ya wateja wake.