Mtaalamu wa Hesabu Aliyekataa Kuiita Saratani Mjanja

Habari ya msiba ilinikuta kwa kinyozi mjini Ifakara, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Simu ikaita, na aliyepiga alikuwa kaka wa marehemu, mkulima wa mpunga wa kule Mbingu, mtu asiyejua kuzungusha maneno. “Shikamoo kaka,” alisema. “Mdogo wangu amefariki. Ni presha. Ameanguka kazini Dar, hakuamka tena. Mwili unaletwa nyumbani.” Kinyozi alisimamisha mashine akaniuliza kama aache. Nikamwambia amalize, maana huwezi kwenda kumzika mtu na kichwa cha namna ile. Akaendelea kunyoa nami nikilia pale kwenye kiti, mbele ya vijana waliokuwa wakisubiri zamu, na wala sioni haya kuyaandika hayo hapa.

Wasomaji wangu hamkumfahamu, na yeye mwenyewe angependa ibaki hivyo, kwa hiyo sitamtaja jina. Alikuwa mwanamke, mtaalamu wa hesabu. Kazi yake ilikuwa kuandika milinganyo inayoeleza jinsi seli za uvimbe wa saratani zinavyobadilika kufuatana na mahali zilipo: hewa inapopungua, chakula kinapokuwa haba, zinapobanana, na hasa dawa inapoingia. Tulifahamiana kwa ugomvi. Niliwahi kuandika katika safu hii kwamba saratani ni adui mjanja, anayejificha, anayejipanga upya, anayerudi umesinzia. Niliipenda sana aya ile, niliisoma kwa sauti peke yangu. Siku mbili tatu baadaye ukaja ujumbe: “Shikamoo kaka. Mimi ni mwenyeji wa Mbingu, nafanya hesabu za saratani. Makala nzuri, ila seli haina ujanja. Haijui hata kama kuna dawa. Ukiwaambia watu wanapambana na mjanja, kesho watamtafuta aliyemtuma.” Nikamjibu kwamba mwandishi lazima apambe. Akanirudishia maneno machache tu: “Pamba harusi, kaka. Ugonjwa ueleze.” Nilikasirika kutwa nzima. Halafu nikampigia, tukaongea mpaka salio likaniishia, na tangu hapo hatukuacha kubishana.

Nilimwelewa vizuri alichomaanisha siku niliyofuatana naye shambani kwa kaka yake. Kaka huyo alikuwa na uvimbe shingoni. Alitibiwa Dar es Salaam, dawa ikafanya kazi, uvimbe ukanywea mpaka ukapotea kabisa. Familia ikaomba misa ya shukrani, mbuzi akachinjwa, watu wakacheza. Ilipofika tarehe ya kurudi kwa daktari, mgonjwa hakwenda. Ikaja nyingine, hakwenda tena, kwa sababu ulikuwa wakati wa palizi na kila mtu kule bondeni anajua palizi haimsubiri mtu. Dada mtu, yaani marehemu, akapanda basi kutoka Dar akiwa amefura, akanipitia Ifakara. Nilidhani atafika na kumfokea. Badala yake alimsalimia kaka yake kwa adabu zote, akafunga khanga kiunoni, akaingia jarubani na kuanza kupalilia naye. Mimi nilibaki juu ya tuta nikitunza viatu vyangu.

“Shika hapa,” kaka alisema, akimwinamishia shingo. “Kuna kitu?”

“Hakuna, kaka.”

“Sasa Dar nikafuate nini, na majani yananimezea shamba?”

Dada alipalilia kwanza, kisha akashika shina moja akamwonyesha. “Huu ni mpunga au mpunga pori?”

Kaka aliugeuza, akaupapasa chini kwenye shina. “Wa pori huu.”

“Mbona umeupita?”

“Unafanana mno. Huu wa siku hizi mpaka utulie ndiyo uujue.”

“Na ule usiofanana uko wapi?”

Alicheka. “Si tulikwishaung’oa tangu enzi za mama! Ule ulikuwa unauona toka barabarani.”

“Haya. Mama aling’oa aliouona. Ukabaki unaofanana na mpunga, nao ukazaa wa kufanana nao. Kila palizi hivyo hivyo. Nani aliufundisha kujificha?”

“Hakuna. Majani yana akili gani?”

“Basi na shingoni mwako ni hivyo hivyo. Dawa imeng’oa ilizoziweza. Kama kuna seli zimebaki, ni zile ambazo dawa haikuzikamata, na zitazaa za namna yake. Daktari anataka kukuona sasa, wakati kama zipo ni chache. Usingoje shamba lote liwe pori, kaka.”

Kaka alisimama, matope yamemfika magotini. Nilimwona akijigusa shingo, si kama mtu anayejisifu safari hii. “Na palizi je?” akauliza. “Palizi tutaimaliza sisi,” dada yake akamwambia, na kwa neno “sisi” akanitazama mimi pale juu ya tuta. Nikavua viatu. Kaka aliondoka na basi la kesho yake, na huko hospitali wakakuta masalia, wakambadilishia dawa. Mpaka leo yuko hai, anakwenda kliniki na kurudi. Mimi nilipalilia mpaka mgongo ukagoma, na kwa mujibu wa mke wa kaka huyo, niling’oa mpunga mwingi kuliko magugu.

Nasimulia haya kwa sababu kuna swali alilokuwa akiulizwa mara kwa mara, hata na wasomi wenzake. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji, bwana mmoja alisimama akasema, “Umesoma miaka yote hiyo, umetibu wangapi?” Watu wakacheka. Alijibu bila kuona aibu: “Sijatibu hata mmoja. Anayetibu ananiuliza: nikitoa dawa hii leo, kesho nitakuta nini? Kazi yangu ni kumjibu hilo la kesho.” Mimi naona jibu lile lilikuwa la mtu anayejua thamani ya kazi yake, na nchi hii inahitaji watu wa namna hiyo wengi zaidi. Tunamheshimu anayeshika bomba la dawa, anayeshika sindano, anayeshika jembe. Anayekaa na karatasi akifikiri tunamwona kama mgeni aliyekuja kungoja chakula. Lakini jirani anayepulizia dawa ya magugu mwaka wa kwanza, shamba likawa jeupe, mwaka wa pili akakuta yamebaki yale magumu, mwaka wa tatu akazidisha kipimo mpaka akaunguza mpunga wake mwenyewe, huyo hakukosa nguvu hata kidogo. Alikosa mtu wa kumwambia la kesho. Marehemu aliniambia kwamba katika hesabu zake kulikuwa na hali ambapo kupiga kwa nguvu zote ndiko kunakoacha uwanja wazi kwa seli sugu, na ambapo kipimo cha kiasi, chenye kupumzika, kingezibana zaidi. Nilitaka kuliandika hilo kwa herufi kubwa. Akanikataza. “Hizo ni hesabu, kaka, bado zinapimwa. Ukiandika hivyo, kuna mtu atajipunguzia dozi nyumbani. Dozi ni ya daktari.” Nimelitii katazo lake mpaka leo, na leo naliandika pamoja na onyo lake.

Kosa letu sisi watu wa bonde, na nadhani si sisi peke yetu, ni kupenda ushindi wa siku moja. Uvimbe ukinywea tunapiga vigelegele na kumsahau aliyetutibu. Waswahili wanasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Marehemu hakuwa mtu wa methali, aliziona kama mapambo yangu mengine, lakini hii moja aliikubali. Alisema ina hesabu ndani yake.

Tulimzika Mbingu baada ya misa, mvua ikinyesha kidogo. Jioni ile, tukiwa tumekaa na wanaume wa ukoo, kaka yake alisema kwa sauti ya chini kwamba kesho asubuhi atasafiri, kwa kuwa kliniki yake imeangukia siku hizo. Kwetu, aliyefiwa hasa hatoki nyumbani kabla tanga halijaanuliwa, na yeye sasa ndiye pekee aliyebaki wa tumbo la mama yao. Baba yao mdogo, mzee mwenye sauti nzito, hakuficha hasira.

“Unaondokaje na tanga lingali chini? Watu wanakuja kukupa pole wewe, wamkute nani? Hospitali haihami, mwanangu.”

“Haihami, baba mdogo,” kaka alisema. “Hata tarehe zile nilizokosa nilisema haihami. Yule aliyekuja kunitoa shambani tumemfukia leo. Nikikosa safari hii, nani atakuja kunitoa?”

Asubuhi kaka alipanda basi na kimfuko chake, hakuna aliyemsindikiza zaidi ya mke wake na mimi. Nilirudi msibani nikiwa na wasiwasi wa kusikia lawama.

Siku ya kuanua tanga walikuja watu wengi, na kila aliyefika aliuliza yuko wapi kaka wa marehemu, wengine kwa ile sauti ya kuuliza huku wamekwishahukumu. Baba mdogo ndiye aliyewajibu wote, mmoja baada ya mwingine, bila kuchoka. “Amekwenda kliniki,” alisema. “Ndivyo anavyomwombolezea marehemu wetu, maana ndiye aliyemfundisha asikose tarehe.” Tangu nianze kuandika habari za misiba sijasikia maombolezo yenye akili kuliko hayo. Ukimpenda aliyekufundisha, msomaji wangu, usikae ukimlilia tarehe yako ikapita. Futa machozi, panda basi uende, na waliobaki wakutetee.