Aliyechinja Kuku wa Inyonga

Mimi ni mtu wa saa. Wasichana wanaonifanyia kazi huniita hivyo nikigeuka, wakidhani sisikii. Kwenye banda langu la kwanza la chipsi na kuku, karibu na stendi ya Mpanda, nilitundika saa ya ukutani kabla sijatundika bei. Nilimjua mteja wangu. Basi lake linanguruma, kondakta anapiga kelele, tumbo linamdai. Hataki meza yenye kitambaa, anataka kuku wa moto kwenye mfuko kabla dereva hajaondoa gari. Nikimchelewesha mara moja, kesho ananunua mahindi ya kuchoma kwa jirani.

Nilidhani haraka hiyo ndiyo iliyonikuza. Kutoka banda moja nikafungua la pili karibu na hospitali, na yote mawili yalifuata sheria zile zile: viungo vya aina moja, rojo la pilipili ninalolipika mwenyewe, na saa sita kamili mchana kuku wawe wameiva. Wasichana wakilalamika kwamba nawakimbiza, nawajibu mwenye njaa hana miiko. Nikiukumbuka msemo ule sasa naona aibu, maana miiko ilikuwepo, na ndiyo iliyokuwa inanilisha miaka yote.

Sisi kwetu ni Wakristo. Nimezaliwa Katumba, wazazi wangu walitoka Burundi, na nyumbani kuku alichinjwa na yeyote aliyeshika kisu. Lakini chakula cha kuuza ni habari nyingine. Kwetu Mpanda kuku wa biashara anachinjwa na Mwislamu, ili kila anayepita ale bila wasiwasi. Siku ya kwanza ya banda langu, kabla sijawasha moto, jirani yangu fundi cherehani alivuka uchochoro akiwa na kisu amekifunga kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa mzee mrefu, mchache wa maneno.

"Mwanangu," akaniambia, "ukitaka na mimi nile kwako, niache nichinje."

Tangu hapo alikuja kila asubuhi akitoka msikitini. Hela alikataa, akachukua firigisi. Aproni zetu zote alizishona yeye. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuku kachinja nani, kwa sababu watu walikuwa wanamwona.

Ndipo nikaitamani Inyonga. Msimu wa tumbaku mji ule unajaa watu, mabasi yanasimama, bodaboda wanapishana, na hapakuwa na mtu anayekaanga kuku kwa haraka. Mfanyabiashara mmoja wa asali, mzee wa Kiislamu anayeheshimika sana, alinipa fremu, chumba cha duka mbele ya nyumba yake, mahali mabasi yanaposhushia. Wenzangu watatu waliitaka fremu hiyo akawakatalia. Hatukuandikishana kitu, tulipeana mikono tu. Nikauza shamba langu la Kabungu, alilonigawia baba, nikatengeneza jiko, meza na bomba la maji. Kama mzee yule angebadili mawazo, ningebaki sina shamba wala fremu.

Duka nikamkabidhi mdogo wangu wa kike. Ni mpole, anasikiliza, na mkono wake kwenye viungo ni kama wangu. Kuchinja nilipatana na ustadhi mmoja kijana anayefundisha madrasa pale pale mjini. Kisha kwa wiki mbili nikamsumbua mdogo wangu kwa simu asubuhi na jioni. Saa sita kamili. Siku ya kufungua haina samahani. Usimngoje mtu yeyote. Sentensi hiyo ya mwisho niliisema mara nyingi mno.

Ikawa Jumamosi. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Mpanda na ndoo ya rojo mapajani. Njiani tairi likapasuka, tukakaa porini, simu haina mtandao, mimi nazunguka basi kama nitalisukuma mwenyewe. Niliposhuka Inyonga ilikaribia saa sita. Mzee mwenye fremu alikuwa barabarani ananisubiri, amevaa kanzu safi. Akanipokea ndoo, ingawa nilikataa.

"Tangu jana nilikuwa kwenye mizinga," akasema, "nimerudi sasa hivi kwa ajili yako. Nimewaalika wenzangu wa msikitini niliokuwa nao huko, tuko wanane. Leo tunakula kwa mwanangu."

Nikaingia jikoni bila hata kusalimia. "Kuku wameiva?"

"Wameiva," mdogo wangu akajibu. Wasichana wawili walikuwa wanapanga vipande kwenye sinia. Harufu ilikuwa ile ile ya Mpanda, nami nikafurahi kwa muda mfupi sana.

"Na ustadhi yuko wapi? Mwambie naye akae na wageni."

Mdogo wangu akawatuma wasichana nje wakachote maji. Halafu akasema akitazama karai, "Ustadhi hajafika, dada. Kuna msiba kijijini kwao, waliondoka usiku. Nilimngoja mpaka saa nne."

"Kwa hiyo kachinja nani?"

"Mimi."

 Hasira ikanipanda, na nikasema kwa sauti ya chini maneno ambayo sitayaandika hapa. Kwa nini hukunipigia? Alinipigia mara sita, sipatikani. Kwa nini hukwenda kwa mwenye nyumba? Yuko kwenye mizinga. Kwa nini hukutafuta Mwislamu mwingine, mji umejaa?

"Wanaume wote wa jirani wamekwenda msibani. Nilimaliza mtaa mzima."

"Basi ungengoja!"

"Ulisema nisimngoje mtu."

 Maneno hayo yalikuwa yangu, na hilo likaniudhi zaidi.

Nje nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Wageni walikuwa wananawa. Mdogo wangu akanishika mkono. "Dada, sema alikuja akachinja akaondoka. Akirudi jioni nitamwomba anifichie. Kuku ni kuku, nani ataonja tofauti?"

Sitajifanya mtakatifu. Nililipima jambo hilo. Nililifikiria shamba la Kabungu na yule aliyelinunua, ambaye tayari alikuwa ameshapanda karanga. Nikafikiri kwamba wazee wanane wangekula, wangefurahi, wangekwenda zao, na Mungu angejua hakukuwa na nia mbaya. Msichana mmoja akarudi, akabeba sinia, akaelekea mlangoni. Nikajikuta nimesimama mbele yake, nimeshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. Aproni niliyotoka nayo Mpanda ilikuwa begani kwangu. Ile aliyoishona mzee fundi.

"Irudishe," nikamwambia, nikatoka peke yangu.

Wazee walikuwa wamekaa, mikono imelowa, wanatabasamu. Mwenye fremu akanitania, "Mama chipsi, saa sita imepita, au ya Mpanda inakwenda pole pole?" Wenzake wakacheka. Kisha akauliza kwa wema tu, "Ustadhi keshachinja kaondoka? Nilitaka tule naye."

Neno moja tu lingetosha.

"Hapana, mzee," nikasema. "Ustadhi hakuja. Nimechinja mimi. Naomba msile."

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja aliivuta mikono yake kutoka mezani akaifuta kwenye kanzu, wakati hakuwa amegusa chochote. Mwenye fremu alinitazama.

"Umechinja wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe umeshuka basi sasa hivi. Ndoo nimekupokea mimi. Wale kuku wameiva saa ngapi?"

Nikakosa pa kuangalia. Nilikuwa nimekwepa uongo mmoja nikaingia katika mwingine, tena wa kijinga. Hapo nikasikia kandambili nyuma yangu. Mdogo wangu alikuwa ametoka jikoni, unga bado uko mikononi.

"Nimechinja mimi, baba," akasema. "Dada hakujua. Niliogopa kuchelewa."

 Wageni wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakiaga kwa adabu, na adabu hiyo ilinichoma kuliko matusi. Mwenye fremu alibaki amekaa. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani nani wa kunibebea majiko kurudi Mpanda.

"Binti," akamwambia mdogo wangu, si mimi, "uliogopa nani?"

Mdogo wangu akainamisha kichwa. Hakunitaja. Hakuhitaji, maana mzee aligeuka akanitazama mimi, na nikajisikia nimevuliwa nguo barabarani.

"Mafuta hayo yamwageni," akasema mwisho. "Vyombo vyote visugueni. Nyie mkiwa tayari mniambie, nitachinja mwenyewe. Lakini mimi ni mtu mzima, nikichelewa nimechelewa. Mtaningoja?"

"Tutakungoja, baba," mdogo wangu akajibu kabla yangu.

Kuku wale tuliwapelekea wanakwaya wa kanisa la jirani waliokuwa mazoezini. Walikula mpaka mifupa, na mwalimu wao akaniombea biashara yangu istawi. Sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nilisugua karai.

Niliporudi Mpanda nilimweleza mzee fundi yote, nikitegemea anipe pole. Aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha. "Usimlaumu mtoto," akasema. "Kile kisu ulimpa wewe." Kesho yake alikuja kuchinja kama kawaida, na firigisi zake akazichukua.

Tulifungua tena baada ya wiki moja. Wale wazee walirudi, si wote siku moja, lakini walirudi. Sasa nina banda la nne, Kasansa, na nilipokwenda kuliangalia eneo sikuanza na stendi wala maji. Nilianza kwa kuuliza nani atachinja, na akipata msiba, nani wa pili.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Inyonga, karibu saa sita. Nikasikia nyuma yake kelele za wateja, na honi ya basi.

"Mzee amechelewa leo," akasema. "Ndiyo kwanza anachinja. Kuna watu wengi wamekasirika, wengine wameondoka."

 Niliitazama saa ya ukutani, nikafungua mdomo kumwambia la kufanya.

"Sijapiga kukuuliza, dada," akasema. "Nimepiga kukwambia tu kwamba nimewaambia wangoje." Akakata simu, akarudi kwa wateja wake.