Watu Saba Kwenye Kadi

Miaka ya tisini nilikuwa Kasulu, naandika programu ya kuchapa kadi za chakula za wakimbizi wa Burundi waliokuwa kambini upande wa Makere. Nilikuwa na kiburi cha kijana anayejua kitu ambacho wilaya nzima haikijui. Sioni sababu ya kukificha leo.

Siku moja karani wetu, Muha mmoja mpole, aliniletea mjane ambaye kadi yake ilitoka na idadi ya watu sifuri. Yeye alisema wako saba. Jina lake, kama majina mengi ya Kirundi, lilikuwa sentensi nzima ya kumshukuru Mungu.

"Mama, tulifupishe kidogo," karani alimwomba.

"Jina silikati, bwana. Baba hakunipa kipande."

Nilichapa programu yangu kwenye karatasi nikaisoma mstari kwa mstari. Jina nililitengea nafasi ya herufi ishirini, na chini yake niliweka ulinzi: likizidi likatwe, lisije likamwagikia sehemu ya idadi ya watu. Ulinzi ulikuwepo, niliugusa kwa kidole. Basi kosa halikuwa langu. Wapo waliokuwa wakijiandikisha mara mbili kwa majina ya kubuni, nami nikamtia kwenye kundi hilo.

"Anadanganya," nilimwambia karani, mama mwenyewe akisikia. Kadi ikazuiwa, na migao miwili ya chakula ikampita.

Kisha nilitumwa Kibondo kuweka programu ileile kwenye kompyuta ya huko. Niliingiza taarifa za yule mama, kujaribu tu. Jina likakatwa, idadi ikatoka saba.

Nikalinganisha mashine zote mbili. Kompyuta ya Kibondo ilikuwa na kompaila ya zamani, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine. Ya Kasulu ilikuwa mpya, na mimi mwenyewe niliiwashia sehemu ya kuongeza kasi. Ilisoma kwamba jina lina nafasi ishirini, ikaniamini, ikaona hakuna haja ya kukagua kama litazidi, ikautupa ulinzi wangu bila kuniambia. Kwenye karatasi ulikuwepo, kwenye mashine haukuwepo. Mjanja angeweza kuandika jina refu makusudi akajipa watu tisini. Mjanja wa hivyo sikuwahi kumwona. Aliyeumia ni mwenye jina la kweli.

Nilirudi Kasulu, nikazima ile sehemu ya kasi, nikachapa kadi upya na kuipeleka kambini kwa mkono wangu. Nilimwomba yule mjane radhi nikiwa nimejaa aibu. Aliitazama, akanirudishia.

"Sasa tuko watano. Wawili nimewapeleka kijijini Kitanga, walime kwa watu, wapate kula."

Nilimwambia aichukue tu hivyo hivyo, watoto watarudi, hakuna atakayeuliza.

"Andika watano, bwana. Wewe ulisema nadanganya."

Nilirudi ofisini nikaandika watano.