Mishale ya Mwalimu

Shuleni walimwita Mwalimu Mshale, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Alifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja, kwa kalamu nyekundu na dharau isiyoisha wino. Akikuta sentensi ambayo maneno ya kueleza yamekaa mbali na mwenyewe anayeelezwa, alichora mshale kuyarudisha, kisha akaandika chini: "Andika upya." Na sheria yake ilikuwa moja: barua yenye mshale haijibiwi mpaka irudi safi.

Kiswahili hakina sana balaa hiyo. Ukisema nikikimbia au akikimbia, mkimbiaji amejulikana. Kiingereza humwacha njia panda, na hapo njia panda ndipo Mwalimu Mshale alipokaa miaka yote akivizia watu.

Alipopandishwa kuwa makamu wa mkuu wa shule, mambo yakazidi. Asubuhi moja karani alimletea ombi la ruhusa, kwa Kiingereza kama alivyotaka Mwalimu mwenyewe: ampeleke mama yake hospitali akiwa na homa.

"Mwenye homa nani hapa? Wewe au mama?"

"Mama, Mwalimu. Si yule pale kwenye benchi, anatetemeka?"

Mwalimu alichungulia dirishani, akamwona bibi wa watu amejikunyata ndani ya kanga. Akachora mshale.

"Mimi nasoma karatasi, bwana. Sisomi benchi."

Karani akarudi kuandika upya, mama akingoja. Mtu mzima hovyo! Mwalimu alielewa tangu mwanzo, kama alivyoelewa kila barua aliyopata kuirudisha.

Nyumbani alikuwa mjane mwenye binti mmoja, aliyekua akiandika upya hata vikaratasi vya kuomba daftari. Huyo binti alifanya kazi mji wa mbali, na kwa baba yake aliandika Kiingereza tu, maana Kiswahili hakikujibiwa. Ndugu pekee aliyebaki alikuwa mdogo wake Mwalimu, fundi baiskeli, ambaye Mwalimu alimwita "yule wa spana" na hakumkaribisha mezani.

Jumatatu moja ikaja barua ya binti. Anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata, saa nne, ofisi ya msajili. Hataingia bila baba wa kumshika mkono. Atamngoja mlangoni amevaa gauni la marehemu mama.

Mwalimu alicheka peke yake. Kwa jinsi maneno yalivyokaa, huenda ni yeye baba aliyetakiwa kuvaa gauni! Gauni lenyewe alilijua; kitambaa alikinunua yeye. Machozi yalimlengalenga kidogo, akayafuta, akachora mshale. "Andika upya." Akaipeleka posta siku ile ile.

Kisha akapiga pasi suti yake, akaitundika mlangoni, akangoja nakala safi. Alitamani sana kwenda. Ijumaa ya kuamkia harusi hakuna barua, na basi la jioni likaondoka; alfajiri la mwisho nalo likaondoka. Jumamosi saa nne alikuwa sebuleni, kavaa suti na tai, kakaa wima kama mgeni nyumbani kwake. Angekwendaje kwa mwaliko wenye kosa? Sikio la kufa halisikii dawa.

Barua ilifika Jumanne, kwa mwandiko ulionyooka.

"Nilikungoja mlangoni mpaka saa sita, mimi nikiwa nimevaa gauni la mama. Baba mdogo alinishika mkono. Alikuja na basi la alfajiri, mikono yake ikiwa bado na grisi. Sasa nimehama na mume wangu."

Kiingereza chake kilikuwa safi. Mwalimu Mshale alishika kalamu, akaisoma barua mara tatu akitafuta pa kuchora. Kila neno lilikaa kwa mwenyewe. Mkono ukafanya ulichozoea, ukaandika pembeni: kumi kwa kumi.

Akageuza bahasha ili amrudishie. Nyuma, mahali pa anwani ya mtumaji, binti hakuandika kitu.